Ubao wa kufutia brashi: nilivyojifunza kuchora picha zisizo na twiga

Kazi yangu ya kwanza kuuzwa kama sanaa sikuichora. Nilikuwa naifutia brashi.

Ilikuwa mwaka 2013, Buguruni, hatua chache kutoka kituo cha Sheli. Baba mdogo alikuwa na banda la kuandika vibao, na mimi nilikuwa pale tangu 2003, nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakanikalia vibaya. Kando ya mlango kulikuwa na kipande cha siling'i bodi, upana wa mita moja hivi. Kila fundi akimaliza rangi moja, anafuta brashi pale kabla ya kuitumbukiza kwenye mafuta ya taa. Kijani cha duka la dawa, nyekundu ya bucha, bluu ya saluni, nyeusi ya "Mkopo njoo kesho". Miaka kumi. Rangi zilipandana mpaka ubao ukanenepa, na pale zilipobanduka ulikuwa unaona za miaka ya nyuma zikichungulia.

Mama mmoja alikuja kuchukua kibao cha shule yake ya chekechea. Akasimama mbele ya ule ubao muda mrefu kuliko aliosimama mbele ya kibao chake.

"Fundi, na huu mnauza?"

Nikadhani anautaka akazibie banda la kuku. Nikamwambia achukue tu, mama, hauna kazi. Akakataa, akafungua pochi, akahesabu shilingi 200,000. Kibao chenyewe alikuwa amelipa 45,000. Baba mdogo alitoka ndani, akautazama ubao, akamtazama mama, akaniambia, "Kesho pigilia mwingine."

Ile hela ilinivuruga akili kwa miaka minne.

Lazima niseme hali ilivyokuwa ili mtu asinione mjinga kupita kiasi. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilikuwa zimeshaingia mjini. Mteja anaenda Kariakoo asubuhi, mchana anarudi na bango lenye picha yake mwenyewe akicheka. Sisi tulikuwa tunahitaji siku tatu na jua. Kazi zilikuwa zimepungua mpaka tunapaka mageti na kuta za vyumba vya watu. Sasa mtu anakupa laki mbili kwa ubao wa kufutia brashi, wewe ungefanyaje?

Nilinunua siling'i bodi sita, nikazikata, nikajifungia nyuma ya banda wiki nzima nikifuta brashi kwa makusudi. Nilichovya, nikafuta, nikarudi nyuma kutazama, nikachovya tena. Zilitoka mbao kumi na mbili, na zote zilikuwa zimekufa. Sina neno jingine. Rangi zilikuwa zilezile, mkono uleule, lakini ukizitazama unaona mtu anayetaka kuonekana hajali. Sikuuza hata moja. Sita zilikwenda kuziba dari ya jirani, na hata yeye alizigeuza upande wa rangi ukaangalia juu.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Kwenye ubao wa kwanza kila alama ilikuwa na sababu, ila sababu haikuwa ubao. Kijani kilikuja pale kwa kuwa kuna mtu alifungua duka la dawa. Kikakaa juu ya nyekundu iliyokauka miezi mitatu kabla, kikakauka kivyake, kikapigwa na jua la mlangoni. Hakuna aliyekuwa anapanga upendeze. Zile zangu kumi na mbili zilikuwa na umri wa siku saba na zilitaka sifa tangu siku ya kwanza. Mchoro usio na mtu, mti wala nyumba hauna pa kujificha: ukidanganya kwenye mchoro wa twiga, twiga atakusitiri.

Naam, twiga. Shemeji yangu alinishauri mara nyingi niachane na upuuzi nichore twiga, watalii wapo. Sikumdharau. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, Tunduru, akaanza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972. Hakuchora hata miaka mitano, na mpaka leo kuna watu wanalisha familia zao pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa mtindo wake. Mtu kama huyo ni fundi mwenzangu kabisa. Rangi zake ndizo zilizokuwa kwenye makopo yetu. Lakini nilijaribu twiga wawili, wakatoka kama ngazi zenye madoa, nikaacha.

Watu wa Buguruni walinibatiza jina: mchora picha za kujiongeza. Yaani hakuelezi, ujiongeze mwenyewe. Waliosoma huiita sanaa dhahania. Nilikuwa naamini kuwa ni kitu cha kigeni na mimi ni wa kwanza kukileta uswahilini, mpaka siku niliyokwenda Mwenge kwa wachonga vinyago kutafuta mtu wa kunikatia fremu. Mzee mmoja wa Kimakonde alikuwa na kipande cha mpingo kimejipinda, kina matundu, hakina uso wala mguu. Nikamuuliza ni shetani gani huyo. Akanitazama kwa huruma. "Hili ni wingu, mwanangu. Mawingu." Kumbe ni mtindo wenye jina, na wazee wanauchonga tangu mimi sijazaliwa. Nilirudi nyumbani nimepungukiwa kiburi, na nadhani ndiyo siku niliyoanza kufanya kazi vizuri.

Kabla sijafika huko nilipoteza kazi nyingi, na karibu zote nilizipoteza kwa kusahau nilichokuwa nakijua.

Mwaka 2014 niliamua kuhamia kwenye kitambaa, kwa kuwa siling'i bodi inavunjika pembe na mnunuzi wa mbali hawezi kuisafirisha. Kanvasi ya dukani ilikuwa ghali, nikanunua marekani Kariakoo kwa mita, nikaitandaza kwenye fremu za msonobari nilizoagiza kwa maseremala wa Keko. Mpaka hapo sawa. Kitambaa kinahitaji kuzibwa vitundu kabla ya rangi, vinginevyo kinanyonya. Ili kubana matumizi, nikakipaka uji mzito wa unga wa muhogo, juu yake rangi nyeupe ya maji. Kikakauka kikawa kigumu kama ngoma, nikafurahi. Masika ya 2015 yalipoingia, picha kumi na moja zilikuwa zimeegemea ukuta wa chumba nilichopanga. Mwezi Mei naivuta ya kwanza, nyuma ina madoa meusi na kijivu, inanuka kama gunia la mchele uliolowa. Wanga ni chakula cha ukungu. Nilikuwa nimeuandalia karamu, nikaufungia ndani ya chumba chenye unyevu, nikaondoka. Niliokoa mbili.

Sasa naziba kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji, mara mbili, kisha matabaka mawili ya rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, ya akriliki (rangi ya maji inayokauka kama plastiki), na katikati napitisha msasa laini. Picha hazigusi ukuta wala sakafu: ninazo paleti mbili za mbao, zile za kuwekea mizigo, nimezipanga juu yake zikiwa wima na nafasi ya kidole katikati. Kuanzia Machi kila baada ya wiki natazama migongo. Na zile za akriliki usizilaze moja juu ya nyingine kwenye joto la Dar, hata kama zimekauka mwaka mzima. Zinalainika na kushikana uso kwa uso, ukizitenganisha kila moja inaondoka na ngozi ya mwenzake. Karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata, inasaidia sana kuweka katikati.

Kosa la pili linaniuma zaidi, maana hata kijana wa wiki mbili pale bandani asingelifanya. Nilianza picha kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, halafu nikapaka rangi ya maji juu yake. Fundi yeyote wa milango anajua rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, lazima ukwaruze na uweke tabaka la kati. Mimi mwenyewe nilikuwa nawagombeza watu kwa hilo. Lakini nilikuwa nimeshajiita msanii, na msanii, nilivyodhani, hafuati sheria za mageti. Miezi minane baadaye mteja wa Upanga akanipigia simu: "Kaka, picha yako inapukutika kama ukuta wenye chumvi." Nilimrudishia pesa yote, 300,000, kwa mafungu matatu. Maji yanaweza kuwa chini na mafuta juu, kinyume chake usithubutu. Na ile ya mafuta ya kung'aa ukiipaka nene kwenye kitambaa, kisha ukakikunja, inapasuka, kwa kuwa inazidi kukakamaa kadiri inavyokaa. Ukilazimika kukunja picha ya akriliki, ikunje uso wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene la plastiki, si kwenye fimbo ya ufagio kama nilivyofanya mimi.

Halafu pesa.

Mwaka 2016 duka moja la Masaki lilikubali kuniuzia picha zangu. Makubaliano: wao asilimia 40, mimi 60. Nikapeleka picha tisa kwa bajaji mbili. Mwenye duka alikuwa mchangamfu, akanipa soda, akasema tumekuwa familia. Bei aliyopendekeza kwa picha ya sentimita 100 kwa 80 ilikuwa 250,000. Nilikubali bila kupiga hesabu, mimi niliyekuwa napiga hesabu ya kibao mpaka msumari wa mwisho. Baadaye nilikaa na kalamu: kitambaa, fremu, rangi, nauli na sehemu ya kodi vilikuwa vinakaribia 160,000 kwa picha moja. Kwenye 250,000 yeye akitoa 40 kwa mia, mimi napata 150,000. Nilikuwa nalipa 10,000 kwa kila picha ili niwe msanii, na siku zangu za kazi sijazihesabu.

Hata hiyo hasara sikuipata kwa raha. Baada ya miezi minne nilikwenda, nikakuta fremu ya duka ina mtu mwingine anauza mapazia. Simu haipatikani. Nikaenda kuripoti, nikaulizwa vielelezo. Sikuwa na karatasi. Picha nne kati ya tisa sikuwa hata nimezipiga picha.

Nilimweleza baba mdogo jioni ile. Hakunipa pole. Alisema, "Kibao cha elfu ishirini ulikuwa hukianzi bila kianzio. Picha tisa umeziacha kwa salamu?"

Kwa miezi saba baada ya hapo mke wangu ndiye aliyelipa kodi, kwa genge lake la mbogamboga. Hakunisimanga, na hilo lilikuwa zito kuliko kusimangwa. Nilirudi kupaka nyumba za watu. Nilipaka ghorofa nzima ya Sinza rangi ya maziwa, chumba baada ya chumba, na kuna siku nilikaa kwenye ngazi nikalia, halafu nikaendelea kwa kuwa rola ilikuwa inakauka. Naandika haya kwa sababu watu wanapokutana nami kwenye maonyesho wananiona na shati lililopigwa pasi.

Karatasi ninayotumia sasa ni ukurasa mmoja. Ina picha ndogo ya kila kazi, jina, ukubwa, malighafi na bei. Ina tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kurudishwa, kwa kawaida siku 90, asilimia ya kila upande, siku ngapi baada ya mauzo nalipwa, na nani analipa ikiharibika. Sahihi mbili, nakala mbili. Kwenye risiti ya mnunuzi nimeongeza mstari mmoja: umenunua picha hii, hujanunua haki ya kuichapisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji kwa hilo, lakini wanunuzi wengi hawajui, na mimi niligundua baada ya kukuta mistari yangu kwenye foronya za mito ya makochi. Mwenye duka akikataa kusaini ukurasa mmoja, beba picha zako. Wengine hukasirika. Waache wakasirike.

Bei nayo nilipata njia kwa mchoraji mwenzangu. Najumlisha urefu na upana kwa sentimita, nazidisha kwa kiwango changu. Nilipoanza kilikuwa 3,500. Picha ya 50 kwa 50 inakuwa 100 mara 3,500, yaani 350,000. Ya 100 kwa 100 inakuwa 700,000. Ungepiga kwa eneo, ile kubwa ingekuwa mara nne, 1,400,000, na hakuna aliyekuwa ananijua kiasi hicho. Kiwango napandisha kidogo kila ninapouza zaidi ya nusu ya kazi za mwaka, na bei ya dukani na ya nyumbani kwangu ni ileile. Ukimpunguzia rafiki chooni, duka litasikia.

Huyo mchoraji nilikutana naye Mikocheni, pale Nafasi Art Space, ambapo tangu 2008 wasanii wana karakana kwenye maghala na makontena eneo la viwanda vidogo. Sikuwa na karakana pale. Nilikuwa naenda siku za wazi, nakaa pembeni kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Siku moja nikabeba picha tatu. Wakazitazama kimya, halafu dada mmoja akauliza, "Hapa ulikuwa unafanya nini, au ulikuwa unajaza?" Akaonyesha kona ya chini. Nilikuwa najaza. Hakuna mtu Buguruni ambaye angeniuliza hivyo. Wao wangeuliza hiki ni nini. Kama unafanya kazi ya aina hii tafuta hata watu wawili wanaojua kuuliza swali la yule dada. Sifa za ndugu ni tamu lakini hazikwangui kitu.

Sasa naanza hivi. Sianzi na picha, naanza na rangi ninayodaiwa. Naweza kupanda pantoni kwenda Kigamboni bila shughuli yoyote, nikatazama mahali kutu imepenya chini ya rangi ya chuma, nikaandika kwenye daftari kwa majina ya bandani: nyekundu ya bucha iliyolala nje mwaka, bluu ya saluni iliyooshwa. Nikirudi naweka tabaka moja kwenye picha tano kwa pamoja. Tano ni muhimu. Ukiwa na moja utaibembeleza mpaka uiue. Ukiwa na tano, moja ikikauka unashughulika na nyingine, na mkono unasahau kujipendekeza.

Baada ya matabaka matatu au manne nachukua msasa wa maji, namba 220, nasugua huku nalowesha. Ya chini yanatoka yanapotaka. Napaka tena, nasugua tena. Picha moja inaweza kufika matabaka kumi na tano, wiki tatu au miezi mitatu. Katikati naigeuza ikaangalia ukuta wiki mbili, nisiione. Nikiigeuza tena asubuhi na mapema, kabla ya chai, zile sekunde za kwanza ndizo nazoziamini. Kuna mbinu ndogo pia: naipiga kwa simu, naondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama yote imekuwa kijivu kimoja, rangi zilikuwa zinanidanganya, haina giza wala mwanga, narudi kazini. Katika tano, moja huwa naifunika nyeupe yote na kuanza upya. Zamani nilihesabu hiyo kama hasara, siku hizi naiweka kwenye bei.

Majina nimeacha kuyatia chumvi. Nilipitia kipindi cha "Safari ya Nafsi" na "Minong'ono ya Milele", nikizikumbuka naona haya. Sasa picha inaitwa "Bucha na Duka la Dawa" au "Geti la Kimara", jina la rangi ilikotoka. Watu wanasimama muda mrefu zaidi, sijui kwa nini, labda wanatafuta geti.

Nauza picha kumi mpaka kumi na tano kwa mwaka. Haitoshi peke yake. Bado napaka nyumba mbili tatu, na vibao nikipata, hasa vya watu wanaotaka mkono wa zamani, ambao sasa wanalipa vizuri kuliko walivyolipa 2013. Mke wangu genge analo bado, na ndiye anayeshika lile faili la mikataba.

Ubao wa pili niliopigilia siku ile bado uko mlangoni. Una zaidi ya miaka kumi sasa, mnene kuliko wa kwanza. Mwaka jana mgeni mmoja alitaja bei ambayo sitaiandika hapa, baba mdogo asije akaisoma. Nilikataa, kwa kuwa bado unatumika.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, anayejifunza kwangu, alimaliza rangi ya njano, akasimama mbele ya ubao, brashi mkononi, anainamisha kichwa kulia, kushoto.

"Unafanya nini?"

"Natafuta pa kuiweka, anko. Pale juu pamebaki wazi."

Nikampa tambara akafutie huko.